Mabegi Mawili Meusi

Mtunza vitu vilivyopotea katika kituo kikuu cha mabasi hakuwa mtu wa mchezo. Ukija kudai mwavuli, hakuulizi rangi. "Miavuli myeusi ninayo kumi na minne," angekwambia, miwani puani. "Wewe niambie, huo wako mlikutana wapi, na mara ya mwisho uliushika wapi?" Watu walinuna, wakambandika jina la Polisi, lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kusikia kitu kimetoka dirishani pake kikaenda kwa asiye mwenyewe.

Binti yake alisomea falsafa. Miaka mitano aliandika tasnifu juu ya swali moja: akili inawezaje kukifikiria kitu kimoja hasa, hicho na si kingine kinachofanana nacho? Majirani walimtania baba mtu: "Miaka yote hiyo ili mtoto ajifunze kuwaza?"

"Nyinyi hamkujifunza," aliwajibu, "na matokeo tunayaona."

Siku ya kuitetea tasnifu alikaa kiti cha nyuma, shati limepigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe. Maprofesa watatu walimbana binti. Mmoja, mwenye sauti kavu, alishikilia kwamba kukifikiria kitu ni kuwa na orodha ya sifa zake tu. Kitakachotimiza orodha ndicho. "Nipe mfano mmoja unaokataa hilo. La sivyo, kazi yako yote imeanguka."

Binti alimtazama baba yake, akaanza kueleza. Mtunza stoo mmoja, mwezi wake wa kwanza kazini, alijiwa na mama aliyepoteza begi. Jeusi, zipu mbovu, utepe mwekundu mpinini. Begi la namna hiyo lilikuwapo, akampa, mama akawahi basi. Kesho yake akaja mwenye begi hilo. La yule mama likakutwa chini ya kiti cha basi, nalo lina zipu mbovu na utepe vilevile.

"Orodha yake ilitimizwa na begi la mtu mwingine," binti alisema. "Lakini muda wote alikuwa akiliwaza lake, kwa sababu ndilo alilolibeba."

Baba mtu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kosa lake, siri yake na mkewe, limeanikwa mbele ya wasomi!

"Hadithi ya kutunga," alisema profesa. "Pengine huyo mama alidanganya."

Hapo baba akajikuta amesimama. "Hakudanganya, mheshimiwa. Begi nilimpa mimi. Niliyafuata maneno yake, sikuuliza analiwaza lipi."

Profesa akaandika mistari miwili, akasema hana swali jingine. Binti akafaulu.

Mlangoni baba alimshika mkono. "Nani alikwambia? Mama yako?"

"Siku ile ulirudi nyumbani unalia, baba. Ukawa unauliza imekuwaje mtu ataje kila kitu na bado lisiwe lake. Nilikuwa na miaka sita. Nimekutafutia jibu tangu siku hiyo."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Aliichukua tasnifu nzito mikononi mwa binti, akatangulia kushuka ngazi, na kila waliyepishana naye alimwambia, "Huyu ni mwanangu."