Nyuki wa Dada Mkubwa

Watu walimwita Mama Moshi kwa sababu, aoge asioge, nywele na nguo zake hazikuachana na harufu ya moshi wa kufukizia nyuki. Mizinga yake ilikuwa nje ya mji, lakini namba yake ya simu ilizagaa mjini kuliko hata jina lake. Yeyote aliyeona mdudu mwenye mbawa akaingiwa na hofu alimpigia yeye.

Zaidi ya nusu ya miito hiyo haikuwa ya nyuki hata kidogo. Aliitwa akakuta nyigu. Aliitwa akakuta yule mdudu mweusi mnene anayetoboa mbao, asiye na habari na mtu. Siku moja familia nzima ilihama sebule kwa kuwa ukuta ulikuwa unavuma. Mama Moshi akatega sikio, akazunguka upande wa pili, akachomoa waya wa friji. Kimya. Mumewe, fundi baiskeli, alipohadithiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wenzako hufuata nyuki wakala asali," alimwambia, "wewe umefuata nyuki ukaambulia barafu!"

Lakini yeye jambo hilo hakulichukulia mzaha. Hakuondoka kwenye nyumba ya mtu bila kuwaelimisha waliokuwamo. "Nyuki ni nyuki, nyigu ni nyigu," aliwaambia. "Mkimwita kila mpita njia mwizi, siku moja mtampiga asiye na kosa." Hata mtoto mdogo akikosea, alimsahihisha.

Alasiri moja ya jua kali alipigiwa simu na kinyozi mwenye kibanda chini ya jengo kuukuu la ghorofa.

"Mama Moshi, njoo. Nyuki wamefunika dirisha la wale bibi wawili wa juu. Na bibi wenyewe siku hizi siwaoni."

Alifika na pikipiki yake, kofia ya wavu ikining'inia mgongoni. Kinyozi alikuwa nje, wembe bado mkononi, mteja wake amesimama kando na kidevu cha povu. Wote walitazama juu. Ndani ya kioo cha dirisha palikuwa na kitu cheusi kama pazia, na pazia lile lilikuwa linatembea.

Mama Moshi alitazama kwa muda. Nyuki wakitua hushikana, kundi likaning'inia kama ndevu za mzee. Hawa walitapakaa kila mmoja kivyake, wakipanda na kuanguka, wakipanda na kuanguka.

"Hao bibi ni nani?"

"Mtu na mdogo wake. Walikuwa washonaji. Mkubwa alikuwa anaumwa." Kinyozi alishusha sauti. "Kuna harufu pia. Nilidhani ni bomba la choo."

"Waite watu wa hospitali," Mama Moshi alisema. "Mimi natangulia."

Ngazini palikuwa na giza na baridi. Kadiri alivyopanda ndivyo mvumo ulivyozidi, mzito, kana kwamba jengo zima linasema neno moja lisilokwisha. Mlangoni alinyanyua mkono abishe, lakini kabla hajagusa mbao, sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, taratibu kabisa:

"Pita, mwanangu. Hapajafungwa."

Akasukuma mlango.

Dada mdogo, bibi mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameketi kwenye cherehani. Mguu wake ulikanyaga, gurudumu lilizunguka, sindano ilipanda na kushuka, lakini haikuwa na uzi wala kitambaa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa, kingine kimejaa na juu yake utando. Kitandani, kando ya dirisha, dada mkubwa alikuwa amelala, amefunikwa shuka nyeupe hadi kidevuni. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, mistari imenyooka. Uso wake Mama Moshi aliutupia jicho mara moja tu.

"Shikamoo, bibi," alisema, kwa kuwa hakujua la kusema.

"Marahaba. Sema polepole, wako kazini." Bibi alielekeza kidole dirishani. "Wewe si ndiye wa nyuki? Basi umewaona. Dada alipozidiwa alikuwa akisema, 'Nasikia nyuki, mdogo wangu, nasikia nyuki.' Nikambishia. Usiku na mchana ananiambia hilo hilo, nimechoka, nikamfokea: 'Hakuna nyuki humu, nyamaza!' Akanyamaza." Gurudumu likasimama. "Hakusema tena. Kumbe alisikia kweli. Tazama, wamekuja. Ni nyuki, au si nyuki?"

Nzi mmoja wa kijani alitua kwenye glavu ya Mama Moshi. Akamtazama akijisugua miguu. Maneno yake ya kila siku yalikuwa tayari ulimini.

"Ni nyuki, bibi," alisema.

Bibi alifunga macho, akashusha pumzi ndefu.

"Lakini kazi yao imekwisha," Mama Moshi aliendelea, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Wanataka kutoka. Na dada itabidi atoke pia. Ukinipa ruhusa, nitawafukiza."

"Wasiumie."

"Hawataumia."

Akawasha bomba lake la moshi, kwa utaratibu ule ule wa mizingani, akafungua dirisha na kuanza kupuliza kutoka upande wa kitanda. Hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo hakupata kulieleza vizuri, hata kwa mumewe. Moshi ulipotanda, ule mvumo wa ovyo ulikusanyika. Ukashuka, ukalainika, ukawa sauti moja ya chini, sawasawa na ya mzinga uliofukizwa ukatulia. Nzi hawafanyi hivyo. Wakipata moshi huhangaika. Alitazama tena: ni nzi, ni nzi watupu. Kisha wakamiminika nje kwenye jua kwa mkupuo mmoja, na chumba kikawa kimya hata akasikia watu wa hospitali wakipanda ngazi.

Bibi hakuwazuia. Aliomba tu wasivuruge nywele.

Chini, kinyozi alimfuata hadi kwenye pikipiki. "Walikuwa nyuki kweli?"

"Walikuwa nyuki," alijibu, akaondoka bila kumfundisha lolote.

Kwa siku nyingi baada ya hapo hakwenda mizingani. Mumewe ndiye aliyekwenda, na aliumwa na nyuki mpaka jicho likafumba. Dada mdogo alichukuliwa na mpwa wake, mwuguzi mwenye nyumba yenye ua, na Mama Moshi akawa anapita kumjulia hali. Bibi alirudiwa na akili zake pole pole. Hawakuligusa lile jambo, mpaka siku moja walipokuwa wakichambua mchele.

"Mwanangu," bibi alisema bila kuinua kichwa, "nzi nawajua. Wale walikuwa nzi."

Mama Moshi alikosa pa kuuweka uso. "Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini? Ungenijibu vingine siku ile, ningekwenda naye." Akatupa kijiwe kando. "Lakini ulipoleta moshi... Au ni masikio yangu ya kizee?"

"Hapana," Mama Moshi alisema. "Nami niliwasikia."

Bibi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu aliyokwisha kuikisia. Kisha akaivuta kofia ya wavu iliyokuwa kwenye kiti, akaipitishia vidole.

"Hii imechanika hapa ubavuni. Unatembea na tundu hili kwenye nyuki? Niletee sindano yangu."

Na akaishona hapo hapo, akimgombeza.