Kikwembe cha Mwanamke wa Macho Makubwa

Wifi yangu alinikabidhi kile kitambaa mlangoni, ndani ya mfuko wa plastiki, na hakukubali hata kuketi. "Ushone mbele ya siku ya wamama," alisema, yaani kabla ya sikukuu ya wanawake wa kanisa letu. Akatazama kichwa changu, akatazama viatu vyake, akaenda kungoja basi la kurudi Northfield. Mabasi mawili kuja kwangu Shard End, mabasi mawili kurudi, kwa sentensi moja. Mtu wa namna hiyo unaachaje kumshuku?

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Alifika Birmingham peke yake, miaka kadhaa kabla yetu, na ndiye aliyetupokea tulipotoka kambi ya wakimbizi, akatupa magodoro mawili na sufuria ya ugali. Ukali wake haukuwa wa maneno, kwa sababu maneno hakuwa nayo. Ulikuwa wa macho. Akiingia jikoni kwangu macho yalianzia kwenye sinki, yakapanda darini, yakamalizia kwangu. Ndugu mwingine wa kike katika mji huu sikuwa naye. Ndiyo maana nilimchunga kama mtu anavyochunga maziwa jikoni.

Mwezi mmoja kabla ya mfuko ule nilikuwa nimekata nywele. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, na mvuke wa kutwa nzima pamoja na dawa ya kulainisha nywele vilizimaliza. Nikazikata fupi, zikabaki vipete vipete kwenye paji la uso. Mume wangu alisema zinanipendeza. Kanisani kwetu, kanisa dogo la Wakongo wenzetu, wamama walisema mengine: kwanza kazi, sasa kichwa, kesho atatuletea suruali. Suruali nilikuwa nayo tayari, ya kazini, ila niliivua kabla hawajaniona. Wifi aliyasikia yote hayo, maana hukaa mstari wa mbele, na hakufungua mdomo. Nilihesabu ukimya wake kama kura ya upande wao.

Basi nikafungua mfuko. Pamba nyeupe, yadi tatu hivi, na kote kimechapwa mwanamke mmoja wa katuni, mdogo kama kiganja, amerudiwa mara zisizo na idadi. Kichwa kikubwa kuliko mwili. Macho kama visahani, kope ndefu, mdomo mdogo mwekundu. Gauni jekundu lisilo na mabega, tena fupi kiasi kwamba mkanda wa soksi ulionekana pajani. Mkono kiunoni, jicho moja linakonyeza. Na juu ya paji la uso, nywele nyeusi zilizokatwa fupi, vipete vipete.

Kwetu mashariki ya Kongo kikwembe, yaani kitenge, hakitolewi hivi hivi. Michoro ina majina, na majina yana maana. Mke anayemshuku mumewe anacho cha kuvaa akienda sokoni, na aliyegombana na jirani anacho cha kupita nacho mbele ya mlango wake. Jambo usiloweza kumwambia mtu usoni, unamvisha. Mimi nilikulia katika lugha hiyo, na mama yangu aliijua kiasi cha kumaliza ugomvi wa mwaka mzima bila kupandisha sauti. Kwa hiyo nilisoma haraka: nywele zako ni hizi, na wewe ni huyu. Na ile "ushone mbele ya siku ya wamama" ilitaka nisimame nacho mbele ya wote, nijitangaze mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni pindo. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi, na mkasi ulipita katikati ya safu nzima ya wale wanawake. Walibaki na vichwa na mikono, chini ya kiuno hakuna kitu. Kipande cha mabaki. Hata tusi lenyewe hakunipa zima.

Mume wangu alikigeuza geuza kama anayetafuta bei. "Ni tissu tu," alisema, akimaanisha kitambaa. "Yaya," ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa, "hana mambo ya vile."

"Yaya wako alivuka mji mzima kuleta tissu tu?"

"Basi umuulize."

Sikumuuliza. Unamuulizaje mtu kama amekutukana? Akikataa, humwamini. Akikubali, unafanya nini? Nilikikunja nikampelekea jirani.

Jirani huyo alikuwa bibi wa Kiingereza aliyepita miaka tisini, mwenye masikio mapana na mwepesi wa kucheka, ambaye mimi humwanikia nguo zake na yeye hunisahihisha Kiingereza. Alivaa miwani, akakitandaza magotini, akacheka hadi akakohoa. Alimjua. Alisema alikuwa akimtazama sinemani akiwa mwanamke kijana, wakati picha zilikuwa nyeusi na nyeupe na gauni lile kila mtu alilipaka rangi mwenyewe kichwani.

Nikamuuliza alikuwa mwanamke wa aina gani. Nilitaka jibu la neno moja. Yeye akanipa ujana wake wote.

Alisema katuni ile ilichorwa kuwacheka wasichana kama yeye. Akiwa na miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye karakana moja ya mtaa wa Hockley, hapa hapa mjini, anabandika pini nyuma ya broshi, yale mapambo ya kifuani, kutwa nzima. Jumamosi moja yeye na mwenzake wa meza ile ile walikwenda kwa kinyozi wa wanaume, wakakaa kiti kimoja kwa zamu, wakatoka nywele zikiwa usawa wa masikio. Gauni zilipanda hadi magotini. Soksi zilikunjwa chini ya goti, na goti likapakwa poda. Walicheza ngoma za kurusha miguu, na muziki wenyewe ulitengenezwa na watu weusi ng'ambo ya bahari, alisema, akanitazama kana kwamba nilikuwepo. Baba yake aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani wakati wa chakula, akala hivyo majuma mengi. Watu waliwaita majina mabaya.

"Majina gani?" nikauliza.

"Unayajua," alisema. "Hayabadiliki."

Nikamuuliza kwa nini walikwenda wawili kwa kinyozi. Alishangaa kwamba nahitaji kuelezwa. Wawili wakikatwa pamoja, alisema, matusi yanagawanyika. Kisha akarudi kwa yule wa kwenye kitambaa: walimpenda kwa sababu kila mwanaume kwenye picha alimkimbiza na hakuna aliyemshika. Baadaye wakubwa walilalamika. Wachoraji wakamrefushia gauni, wakamfunga aproni, na wasichana wakaacha kwenda kumtazama.

Niliondoka pale na ushahidi mkononi. Msichana mwenye kazi yake, amekata nywele, gauni limepanda, amekasirikiwa na wazee, ameitwa malaya. Kila alichoniambia bibi yule nilikipeleka mahali nilipokuwa nimeshapaamua. Lile la kiti kimoja na matusi kugawanyika halikunifaa kitu, nikaliacha mlangoni kwake.

Nyumbani nilichukua mkasi. Kipande kikubwa nikakipitisha lastiki, nikakivisha ubao wa kupigia pasi. Kilichobaki nikakikata matambara ya kufutia jiko. Sitadanganya, nilifurahi. Wiki tatu nilimpigia pasi usoni, na siku moja nilimwachia pasi juu yake makusudi nikaenda kupokea simu. Alama yake ikabaki pale, ya kahawia, umbo la pasi kamili.

Siku ya wamama ilifanyika kwenye ukumbi wa shule tuliokodi. Nilivaa kikwembe changu cha bluu, cha heshima, kilichofika kwenye vifundo vya miguu. Wimbo wa pili ulikuwa umeanza mlango ulipofunguliwa akaingia wifi yangu.

Alikuwa amevaa yule mwanamke. Sketi na blauzi ya mikono mipana, imeshonwa na fundi wa kweli, na kila mahali macho makubwa na gauni fupi na jicho linalokonyeza, juu ya mwili wa mwanamke ambaye sijawahi kuona goti lake. Wimbo ulipungua sauti. Nyuma yangu mtu alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua. Hata hapo, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekuja kunimalizia.

Kisha nikaona kifuani pake, chini ya kola. Palikuwa na safu ya miguu myembamba na viatu vya visigino, na juu ya miguu hapakuwa na kitu. Vichwa vyao nilikuwa navyo mimi.

Alisimama mlangoni anatafuta safu kwa safu. Nilijua sasa anamtafuta nani. Kwetu wanawake wawili wakivaa kitambaa kimoja wamesema mbele ya watu kwamba ukimgusa huyu umemgusa na yule, na hakuna anayehitaji kufafanua. Yeye hakuwa na maneno ya kuwajibu wale wamama juu ya kichwa changu. Alinunua kitambaa, akakigawa. Macho yake yalinifikia, yakakaa kwenye bluu yangu kidogo, yakatoka. Akatembea peke yake urefu wote wa ukumbi hadi mstari wa mbele, wamama wakicheka ndani ya viganja. Mimi nilikaa pale pale. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hakuna linalonichoma kama kule kukaa.

Wakati wa chai nilimfuata. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Wifi, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikupatia nusu. Mwanamuke akipewa nusu, hajue?"

Nikauliza kwa nini katika vitambaa vyote vya soko alimchagua huyu.

"Iko na nywele kama ya wewe. Nikaona ni muzuri." Alijitazama sketi. "Kichwa kikubwa vile, na karobo kafupi. Nilijua ni mutoto."

Mtoto. Wifi yangu, ambaye macho yake hayajawahi kupitwa na sufuria chafu, aliona macho makubwa na gauni fupi, akafikiri ni mtoto mchanga. Sikucheka, ingawa wakati mwingine wowote ningecheka.

"Na ya wewe iko wapi?" aliuliza.

"Kwa fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

Nilisema kuna fundi mmoja mjini, anachelewesha sana. Alinitazama vile alivyokuwa akitazama sinki langu, akanywa chai yake.

Jumapili iliyofuata niliamka nikavua gauni la ubao wa pasi. Nikafumua lastiki, nikafua, nikakausha juu ya hita. Kwa nguo hakikutosha, kwa kilemba kilitosha. Niligeuza kila upande nikitafuta namna ya kufunga ambayo ingeficha lile doa, na kila upande lilijitokeza. Mume wangu alinitazama kwenye kioo, akaenda kutafuta viatu vyake.

Wifi yangu alikuwa mstari wa mbele kanisani, amevaa kile kile tena, wiki ya pili mfululizo, mbele ya vicheko vile vile. Nilipita katikati ya kanisa na wale wanawake wadogo kichwani, nikakaa kando yake. Aligeuka. Aliona vitundu vya lastiki pindoni. Aliona doa la kahawia lenye umbo la pasi, juu kidogo ya sikio langu.

Kisha akanyoosha mkono, akalikunja lile doa ndani ya kilemba, akalikandamiza kwa kidole lisitoke, akarudisha macho yake madhabahuni.

"Fundi wako," alisema, "anapigaka pasi mubaya."