Maneno Nyuma ya Saa ya Mwimbaji

Kazi yangu hapa Kisangani ni kuchonga majina kwenye pete za ndoa na vikombe vya mpira. Mwaka jana alikuja mwimbaji ambaye mji mzima unamjua kwa nyimbo zake za mapenzi. Wasichana wawili walimfuata hadi mlangoni, simu mkononi.

Alivua saa yake ya dhahabu, akaigeuza. "Mama, hii maandiko inaanza kufutika. Uchonge tena, iingie muzuri."

Nilivaa miwani nikasoma: CHAKULA IMEPOA.

"Bibi yangu, mama ya watoto yangu, ndiye alinipatia," alisema. "Kila siku nilikuwa nachelewa."

Kwa kuwa nafasi ilikuwepo, nilimuuliza kama angependa niongeze maneno ya wimbo wake mmoja.

"Hapana. Ile iko ya watu. Hii iko yangu."

Nikachonga upya, kwa uangalifu ule ule ninaoupa pete ya askofu. Alipoivaa, alitazama mishale, akashtuka. Wasichana walimwomba picha.

"Bon, kesho," akawaambia, akapanda pikipiki na kumhimiza dereva ampeleke nyumbani Kabondo mbio.

Jioni nilimsimulia mume wangu habari hiyo yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba yeye hana saa.