Movie haina DJ, haina stori, na baba hataki kuiacha: nilishuku hadi nilipokaa nayo

Habari za weekend wakuu. Haya yametokea nyumbani kwetu Gongo la Mboto na sijatia chumvi hata punje.

Baba yangu ni dereva wa malori mstaafu. Tangu mama afariki anaishi peke yake, na siku hizi kila jioni anajifungia sebuleni na movie moja. Ileile!

Aliachiwa kwenye flash na mpangaji aliyehama, kijana anayesomea mambo ya filamu. Eti haipatikani popote, hata wauza movie wa mtaani hawaijui.

Kusikia "haipatikani" nikashtuka. Kitu kizuri kifichwe cha nini?

Mdogo wangu Hamisi akaichungulia, akatoka mbio. Ndani kuna mama wa Kizungu anachambua maharage. Basi. Haongei, hakuna muziki, hakuna DJ wa kututafsiria.

"Sista, huyo ni jini mahaba. Mzee tumrudishe kwao Lindi akasomewe dua."

Kikao cha familia kikaitishwa.

Mie nilihisi jini mwenyewe ni mjane fulani wa mtaa wa pili, movie ni geresha tu. Jana nikatoka kwangu Goba, nikamtokea bila taarifa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa uangalie."

Nikakaa, jicho moja kwenye TV, jingine kwenye simu yake.

Wakuu, nilichoka! Harage hili, harage lile. Sufuria inachemka. Nikadhani picha imeganda, nikanyoosha mkono nichukue rimoti.

"Acha, Zuwena. Sasa hivi ataangalia mlango."

Kweli, yule mama akainua uso, akautazama mlango muda mrefu. Hakuingia mtu.

Baba akasema taratibu, "Nimeshafika, mama Zuwena."

Nikajua Hamisi alikuwa sahihi.

Baba akaniona nilivyomkodolea macho. "Mama yako alinisubiri hivihivi miaka yote. Mie nilikuwaga barabarani, sikuwahi kumwona akisubiri. Ndo namwona sasa."

Nililia, siwafichi.

Funzo nililopata: movie ya mtu usiichungulie mlangoni ukatoa hukumu. Kaa naye muimalize.

Kikao ni kesho, na Hamisi ameshakata tiketi ya basi ya mzee. Nikiwaeleza nilichokiona watasema na mie nimeingiwa na jini.

Nyie mngewaambiaje?