Tulipoifunika Kompyuta Blanketi

Wenzangu mliokulia Sumbawanga miaka ile mitumba ilipoanza kufurika sokoni, mtaniunga mkono nikisema kwamba sisi baridi hatukusimuliwa. Juni ikiingia, upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya mpaka kwenye mfupa na kukaa humo hadi Agosti. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja, fagio mkono wa pili, na sweta la mtumba lililoandikwa kifuani maneno ambayo hata mwalimu wetu hakuyajua maana yake. Mchakamchaka, ambao watoto wa leo wangeuita mateso na kuwapigia wazazi wao simu waje kuwachukua, sisi tuliukimbilia kwa hiari, maana ndio uliorudisha damu vidoleni. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, halafu nyumbani tukakuta ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, na maharage yaliyoungwa karanga. Siku Mama akipata migebuka kutoka ziwani, hata mbwa wa jirani alijua.

Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Bibi mzaa mama aliyekuja kuishi nasi kutoka Msanzi, mimi Skola, na mdogo wangu Deo. Baba alifariki Deo akiwa bado anatambaa. Bibi alikuwa na kanuni moja aliyoitumia kwa kila kiumbe: "Kinachotetemeka, kifunike." Kifaranga kilichonyeshewa kilifunikwa. Mwanambuzi aliyezaliwa usiku wa baridi alifunikwa. Mimi nikipata homa nilifunikwa mablanketi matatu nikatoka jasho kama mchunga ng'ombe, na kwa kweli nilipona. Hatukuwa na sababu ya kuitilia shaka kanuni hiyo.

Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ushirika. Ofisi ilipofungwa, kama zilivyofungwa nyingi wakati ule tulipoambiwa kila mtu sasa ajitegemee, alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai na kalenda ya ukutani. Wiki nzima hakusema jambo. Kisha akachukua kiinua mgongo chake chote, akadandia lori la mahindi kwenda Mbeya, na siku ya tatu akarudi na kompyuta ya mtumba na printa yake, zimeviringishwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Majirani walidhani ameleta mgonjwa kweli, wakaja na pole.

Akaiweka sebuleni, akabandika karatasi mlangoni: HAPA TUNACHAPA BARUA, RISALA NA KADI ZA HARUSI. Juu ya monita akatandika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Juu ya lile kasha lake, ambalo sote tuliliita sipiyu, akatandika kingine. Msicheke. Nani kwenu hakuwa na kitambaa juu ya redio? Hata chupa ya chai ilikuwa na sketi.

Sasa kelele. Watoto wa leo wakisema kompyuta ina kelele wanamaanisha wameisikia. Yetu ilikuwa inasikika barabarani. Ndani ya lile kasha kulikuwa na feni ya kupoza moyo wa mashine, na ilipozunguka kasha lote lilitetemeka, na meza ikatetemeka, na vikombe kabatini vikajibu. Bibi aliketi barazani akiota jua, na hakujua kompyuta ni nini, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko yetu sote. Alishang'amua kwamba Mama akichapa barua, feni inavuma taratibu. Sisi tukiiba gemu, inanguruma.

Maana gemu ilikuwemo. Aliyemuuzia Mama aliiacha humo, mbio za magari, gari letu jekundu na la adui la bluu. Mama alitupiga marufuku. "Hili ndilo jembe letu," alisema. "Mtu hachezei jembe." Lakini Jumamosi mchana alikuwa anakwenda jumuiya ya kanisa, na sisi hatukuwa malaika. Tukianza tu kona ya kwanza, feni inapandisha, na sauti ya Bibi inatoka barazani: "Skola! Mnasaga nini humo ndani?" Tunazima mbio. Mashindano hayo hatukuwahi kuyamaliza hata mara moja.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Deo, aliyekuwa na miaka tisa na majibu ya kila kitu, aliweka kiganja chake juu ya sipiyu akasikiliza kama daktari. Akasema, "Dada, hii ina baridi. Ona inavyotetemeka."

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, namba tatu darasani. Badala yake nilisema, "Kweli."

Tukaleta blanketi la kijivu la Bibi. Kitambaa cha kufuma tukakikunja na kukishindilia nyuma, pale kwenye matundu ambapo upepo wa baridi, kwa hesabu zetu, ulikuwa unaingia. Kisha tukaliviringisha kasha lote kwa blanketi, tukaisukuma meza karibu na jiko la mkaa tulilootea moto pale sebuleni ili huruma yetu ikamilike. Na mtaniamini nikisema ilifanya kazi? Kelele ikafifia, ikabaki mguno wa mtu aliyelala. Bibi barazani kimya. Tulikimbiza gari jekundu kona hadi kona. Kwa mara ya kwanza tukauona mstari wa mwisho, Deo akasimama juu ya kiti, na hapo kioo kikawa cheusi.

Tuliondoa blanketi. Kasha lilikuwa la moto, la kuchoma mkono. Kile kitambaa cha kufuma kilikataa kutoka. Nilipokivuta kikafumuka, uzi mrefu ukabaki ndani. Tukaukata kwa meno. Tukarudisha kila kitu mahali pake, tukaenda kuketi na Bibi juani kama watoto wa picha ya komunyo ya kwanza.

Mama alirudi akiwa na furaha. Nitawaeleza kwa nini, ili muelewe tulichokuwa tumefanya. Mwalimu mkuu mmoja kutoka kijiji cha Kate alikuwa amempa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la saba, ya shule kadhaa kwa pamoja. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu aanze. Alikuwa ameichapa wiki mbili, yote imo ndani ya mashine ile, imebaki kutoa nakala tu, na mwalimu alikuwa anakuja kuichukua Jumatatu. Mjini kulikuwa kumefunguliwa ofisi nyingine ya uchapaji yenye mashine mpya. Mama alijua, na sisi tulijua kwa sababu alikuwa anaongea peke yake akipika, kwamba kazi hii ikiharibika walimu wote watahamia huko.

Akabonyeza swichi. Taa ndogo ya kijani ikawaka, kioo kikawaka, lakini feni haikuvuma. Palikuwa kimya kabisa. Mama aliinamisha kichwa akasikiliza, akatazama balbu, umeme upo. Baada ya dakika chache kioo kikawa cheusi tena. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Kisha akaketi, mikono mapajani, akasema kwa sauti ndogo sana, si kwetu, "Nimeiua. Jana nimechapa kutwa nzima bila kuipumzisha. Nimeiua mwenyewe."

Ningeweza kustahimili fimbo. Ningeweza kustahimili hata kuulizwa. Lakini kumsikia mama yangu akijilaumu kwa kosa langu, hilo lilinishinda. Deo alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema hata hivyo. Nilisema yote, blanketi, kitambaa, jiko, gari jekundu, na kwamba wazo lilikuwa langu, ingawa halikuwa langu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye blanketi lake, alifumba macho.

Mama hakunipiga. Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Mwishowe akasema, "Nenda kamwite Fundi Wensi."

Fundi Wensi alikuwa fundi wa redio pale mtaani kwetu, na mkewe akaniambia amekwenda Kaoze msibani, atarudi kesho. Kwa hiyo Jumapili tulikwenda misa kwanza. Deo aliniambia baadaye kwamba alimwahidi Mungu hatagusa gemu maisha yake yote, ahadi ambayo haikufika Jumatano. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kwamba Mama asirudi tena kwenye ile wiki ya kutosema jambo.

Fundi alikuja mchana, na bisibisi, mswaki wa zamani, na pampu ya baiskeli.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bibi.

"Marahaba, baba. Tazama, wajukuu zangu wameniulia mashine kwa blanketi langu."

"Tuone kwanza, mama. Msianze matanga mapema."

Akafungua ubavu wa kasha. Jamani, humo ndani! Vumbi jekundu la barabara yetu, unga wa ulezi, manyoya ya kuku, na punje moja ya haragwe ambayo mpaka leo hakuna aliyekiri. Na kwenye shina la feni, uzi wa waridi umejiviringisha, umeikaba feni shingo. Fundi Wensi aliukata kidogo kidogo kwa wembe. Alisugua kwa mswaki, akapuliza kwa pampu, vumbi likaruka mpaka Bibi akapiga chafya tatu. Kisha akaizungusha feni kwa kidole, ikazunguka laini.

"Mama Skola," akasema, "hii haijafa. Ilikuwa inajizima yenyewe isiungue. Ina akili kuliko waliokuwa wanaichezea."

Mama akabonyeza swichi. Feni ikakohoa, ikasita, halafu ikaanza kunguruma ile kelele yake mbaya, na vikombe kabatini vikajibu. Nawaambia sijasikia muziki mtamu hivyo katika maisha yangu. Kioo kikawaka. Mama akafungua kazi yake, Hisabati ipo, Maarifa ya Jamii ipo, zote zipo. Hapo ndipo alipolia, akiwa anacheka, akijifuta kwa kitambaa kilichofumuka. Bibi akapiga kigelegele. Deo akatoka nje akauzunguka mgomba mara tatu bila sababu. Mimi nikaketi sakafuni, na Mama akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Ule mzigo ulivyonitoka, hata leo nikiukumbuka nashusha pumzi.

Fundi hakuondoka hivi hivi. Alisukuma meza mbali zaidi na jiko, akaliinua kasha juu ya matofali mawili, akaliacha shubiri moja kutoka ukutani. "Huku kwenu mna upepo wa bure," alisema, "nyie mnauzibia njia!" Akageuza mgongo wa mashine uelekee dirishani. Kisha akaomba ndala iliyokatika, akakata vipande vinne vidogo vya mpira, akavipachika kati ya feni na bati. Kelele ikapungua nusu. Tulichokitafuta kwa blanketi kumbe kilikuwa kwenye ndala kuukuu chini ya kitanda. Kwenye matundu ya mbele akafunga kipande cha soksi ndefu ya Mama ya kanisani, kizuie vumbi, na Deo akapewa kazi ya kupuliza kwa pampu kila Jumamosi. Jumatatu mwalimu wa Kate alikuja, akasoma mitihani yake amesimama, akasema ameridhika, na muhula uliofuata akaleta wenzake wawili.

Kompyuta ile ilitusomesha mimi na Deo mpaka kidato cha sita. Mama sasa amestaafu kuchapa, anapanda maharage nyuma ya nyumba, na mgongo wake bado umenyooka.

Mimi nimehamia Dar es Salaam, ambako mtu akitetemeka ni malaria. Mwanangu Benja, mwenye miaka kumi na tano, ana kompyuta ya gemu yenye ubavu wa kioo na feni sita zinazowaka rangi zote kama ukumbi wa sherehe ya sendofu. Anaweza kukueleza saa nzima habari za nyuzi joto. Anaipaka dawa ya kupozea kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kupaka mkate siagi. Feni ikitoa sauti ndogo ya mbu anasema, "Mama, hii kelele siiwezi," na anaagiza nyingine. Vyombo havioshi, anasema maji yanaharibu mikono.

Mwezi uliopita, mchana wa joto, nilikuwa jikoni nikasikia mvumo wa mashine yake umekatika ghafla. Nilikimbia chumbani na mwiko mkononi, natafuta la kusema, na nilimkuta amejilaza kitandani anaperuzi simu.

"Imepata joto tu, mama," akasema. "Ikipoa itawaka."

Niliegemea mlango nikacheka peke yangu. Nilishukuru, tena kwa dhati, kwamba mtoto wangu hajui kuwa kitu kinaweza kuzima na ugali wa nyumba nzima ukazima nacho. Mungu amjalie asijue kamwe. Nikabaki pale mlangoni na mwiko wangu, nikingoja. Baada ya dakika kumi akanyoosha mguu, akabonyeza swichi kwa kidole gumba, na feni zote sita zikawaka. Benja hakuinua hata kichwa.