Aliyekula Mbuzi wa Filamu Yetu

Mimi shule niliachia darasa la sita. Kamera nilijifunzia kwenye harusi za watu hapa Voi. Filamu yangu ya kwanza niliibiwa, na mwizi ni tajiri mmoja wa Mombasa aliyenikodishia mashine ya kuhariri. Aliwaonyesha watu filamu hiyo ikiwa na jina lake mwanzo na mwisho. Langu hakuna. Miaka imepita na bado namtaja kila nikipata nafasi. Leo nimepata.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha, somo la kwanza ni hilo: mwisho wa filamu andika kila mtu na alichofanya. Usimfiche yeyote.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kijiji cha Mraru, alikuwa anatengeneza hadithi ya mbuzi aliyepotelea upande wa mlima Ndara, kisha akarudi nyumbani mwenyewe. Baba yake hakupendezwa.

"Jumapili nitaiona hiyo filamu," alimwambia. "Kama haijaisha, Jumatatu unaenda Maungu kuuza kwa duka la shangazi yako."

Siku tatu tulimpiga picha mbuzi wao, mweupe, sikio moja jeusi. Alituzidi sote kuigiza. Ikabaki picha moja tu: mbuzi anaingia uani. Nikamwambia binti, "Mwambie mzee Jumamosi nakuja mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi mzaliwa wa huku, najua kabisa mwenye boma akisikia mgeni anakuja anafanya nini.

Jumamosi nilipofika, harufu ya maini ilinipokea njiani. Binti alikuwa ameketi kwenye jiwe, simu ya kurekodi mapajani, macho mekundu. Baba akatoka na kisu, meno yote nje.

"Karibu, Madam! Leo huondoki na njaa."

"Mzee, umechinja yupi?"

"Yule mweupe. Hao wengine wamekonda, ningekuaibisha."

"Baba, filamu yangu!" binti akalia.

"Si umempiga picha siku tatu? Bado hujatosheka naye?"

Nilikasirika mpaka maini yakaletwa. Nikala. Sitadanganya, yalikuwa matamu. Nilipomaliza nikamwuliza binti, "Nani ametuharibia kazi?"

"Baba."

"Basi mtaje. Washa simu."

Akapangusa uso, akasimama mbele ya baba yake. "Baba, mbuzi yuko wapi?"

Mzee, mfupa mkononi, aliitazama ile simu kama aliyeitwa mahakamani. Akamalizia kutafuna kwanza.

"Alirudi," akasema. "Alirudi mwenyewe, kwa miguu yake. Tukampokea vizuri."

Jumapili baada ya ibada tulitundika shuka kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha tukaziba kwa mablanketi. Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani. Kisha majina yakaanza kupanda, la binti likiwa la kwanza kabisa. Mwishoni, kwa herufi kubwa: ALIYEKULA MBUZI: BABA. ALIYEMSAIDIA: MADAM.

Mzee akasimama. Binti akanishika mkono, nami nikaanza kuliona duka la Maungu.

"Rudisha nyuma kidogo," mzee akasema. "Hapo ninapoongea. Hawa wa nyuma hawakusikia vizuri."

Tulirudisha mara nne. Jumatatu, shangazi wa Maungu alifungua duka lake peke yake.