Kalamu ya Mwana Mpotevu

Mke wa mjukuu wangu ni mtu wa bara, mlokole safi, na televisheni ya nyumbani kwao Kimara haitoki kwenye mahubiri. Nikienda kukaa nao, tangu asubuhi nasikiliza mapambio huku nachambua mchicha. Mie ni Mwislamu, lakini sina ugomvi nayo. Kwaya zao zinavaa zikapendeza, mhubiri anawekewa mataa ya rangi nyuma yake kama yuko harusini, na maneno anayoyasema yanapita chini kwa maandishi. Juzi walionyesha mchezo wa mwana mpotevu. Wameutengeneza vizuri, siwanyimi haki yao: nguruwe wa kweli, matope ya kweli. Walipofika pale baba anapomfanyia mwanawe sherehe, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Bibi, hapo si pa kucheka," akaniambia mke wa mjukuu.

Kweli si pa kucheka. Ila yeye hajui kwamba kisa hicho mie nilikiona zamani sana, na ndicho kilichonipeleka shule.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vikubwa vimeshakwisha, nami naishi Temeke kwa bibi yangu mzaa mama. Temeke ya siku hizo usiifananishe na hii. Nyumba moja hapa, nyingine kule, katikati mikorosho na mihogo. Bibi alikuwa mpika vitumbua. Alfajiri naamshwa na mchi, anatwanga mchele uliolala majini, na iliki yake ukiisikia unajua kumekucha hata kabla ya jogoo. Vile vitumbua sijavila tena popote. Watu siku hizi wanatia hamira mpaka kitumbua kinavimba kama jipu. Lakini nisipotee.

Misheni walikuwa na kijumba cha ibada cha udongo, na mwinjilisti mmoja aliyetoka Unyamwezini. Huyo bwana alikuwa na sanduku la picha. Ni bati jeusi, ndani mna taa ya mafuta, mbele kioo kinene. Anachomeka vipande vya vioo vilivyochorwa, picha inatokea kubwa kwenye shuka ukutani. Picha yenyewe haitembei wala haisemi, kila kitu anasema yeye. Alionyesha Jumamosi alasiri, maana wanawake wengi usiku hawakuruhusiwa kutoka, basi madirisha yakazibwa kwa mablanketi na majamvi, tukakaa gizani mchana kweupe, jasho linatiririka, mafuta ya taa yananuka. Tulijaa Waislamu kwa Wakristo. Wengine hawakufuata dini pale, walifuata picha, na yeye alijua, wala hakumfukuza mtu.

Na alikuwa fundi. Alilia kama mama, alikohoa kama mzee. Bahari ikichafuka alimpa mwanamke mmoja ungo wenye choroko auchezeshe nyuma ya shuka, nasi tukajikunyata tusilowe. Kwenye nguruwe alikoroma hasa. Wanawake wakasema astaghafirullah, wakaziba pua kwa kanga, halafu wakamwambia arudie.

Ila alikuwa na jambo moja. Ulimi wake haukuijua R. Habari kwake ilikuwa habali, barua ilikuwa balua. Sie tulishamzoea. Basi siku ya mwana mpotevu, kijana kamaliza mali, karudi kwao kachakaa, mwinjilisti akachomeka kioo cha mwisho. Meza ndefu, watu wamejipanga, mbele yao vitu vyeupe vyeupe. Kioo kilikuwa na masizi. Akasema kwa sauti ya mzee aliyejawa na furaha: "Mwanangu amelejea. Nitamwandalia kalamu kubwa."

Bibi yangu, ambaye macho yake yalishaliwa na moshi wa jikoni, aliona darasa.

Tulipofika nyumbani akaketi kwenye kigoda, akaniita. "Umemwona yule baba? Mtoto kafuja mali, kachunga najisi, na kurudi hakumpa shamba wala hakumpa mke. Kampa kalamu. Na wewe hukufuja chochote."

Jumatatu akanishika mkono mpaka darasa la misheni. Mjomba wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alipopata habari alikuja juu.

"Mama, mtoto wa kike kwa wamisheni? Wakimbatiza je?"

"Wakimmwagia maji nitamfuta."

Mjomba akaondoka ananung'unika. Mie hapo nilishapewa kibao cha kuandikia na kijiti cha chaki, nikawa naamka kabla ya mchi. Sikumbuki kitu kingine nilichokipenda hivyo utotoni, labda ukoko wa wali tu.

Haikupita muda, jirani yetu aliyekuwa karani akaja kununua vitumbua, mjomba yupo, akamkuta bibi anamsifu yule baba na kalamu yake. Karani akacheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Bi mkubwa, yule bwana alimaanisha karamu. Sherehe. Vile vyeupe ni sahani."

"Basi mama kampeleka mtoto shule kwa ajili ya pilau," mjomba akasema. Halafu akaacha kucheka. "Kesho haendi. Alipelekwa kwa makosa, na makosa yameshajulikana."

Nikamwangalia bibi. Akainamia kikaango chake. Mwanamume wa nyumba yetu alikuwa mjomba, na safari hii alikuwa na sababu mkononi. Siku ile hata ukoko sikuugusa.

Kesho yake vitumbua vilipokwisha bibi akajifunga kanga mbili, tukaenda. Mwinjilisti alikuwa nje, anafuta vioo vyake kwa kitambaa. Akainuka, akamwamkia.

"Mwalimu," bibi akasema, "yule mzee alimwandalia mwanawe nini?"

"Kalamu, mama."

"Ya kuandika au ya kula?"

Yule bwana akasimama na kioo chake mkononi. Niliona anaelewa polepole, na uso wake ukamshuka. "Ya kula, mama. Nisamehe. Neno hilo linanishinda."

Bibi akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Mie nikaanza kulia, kwa kujizuia, maana sikutaka kumwaibisha. Bibi akauliza, "Na wakishakula, yule kijana alifanya nini maishani mwake?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Hakisemi kabisa?"

"Kinaishia kwenye shelehe."

"Basi alisoma," bibi akasema, akajipangusa mchanga. Jioni akamwambia mjomba ameshauliza mwenyewe, na mambo ni yale yale. Mjomba akataka kumuuliza zaidi, akapewa kitumbua.

Nilisoma miaka mitatu. Bibi alipoanza kuugua mchi ukawa wangu, shule ikaishia hapo. Mwinjilisti alihamishwa, akaondoka na sanduku lake, sijui liliishia wapi. Kijumba kilikwishabomoka, siku hizi pale wanauza vipuri vya magari. Bibi namkumbuka kwa kila herufi. Wale niliosoma nao wamekwisha, na Kiswahili cha yule bwana sijakisikia tena kikihubiriwa popote.

Mwalimu wetu darasani alikuwa yule mwinjilisti mwenyewe, na alitufundisha kuandika kama alivyotamka. Mie ni Mzaramo, ulimi wangu hauna tatizo, lakini mkono haujawahi kuzoea. Nikimtuma mtoto dukani namwandikia kikaratasi: unga, chumvi, sukali. Mwenye duka, kijana wa Kiarabu mwenye adabu zake, aliniuliza siku moja kama mie asili yangu ni bara.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, mkono tu.